Elisha, Mtu Aliyeona Magari ya Moto

Somo la wiki: 2 Wafalme 6:8-23. Soma pia 1 Wafalme 19 na 2 Wafalme 2 na 13.

Nilipohubiri juu ya Dothani saa ilinibana, na baada ya ibada wengi mlinifuata mkitaka kujua huyu Elisha alitoka wapi, aliishi namna gani na alimaliza vipi. Kwa hivyo wiki hii nimeandika maisha yake kwa maneno yangu mwenyewe, kutoka shambani mpaka kaburini. Mistari yenyewe nimewaachia mkaisome nyumbani.

Ninayo sababu nyingine pia. Kuna watu kati yetu ambao wakisikia habari za ulimwengu wa roho, kitu cha kwanza kinachowajia akilini ni uchawi. Ni jirani. Ni mama mkwe. Ni nyoka wa ndotoni. Mtu akisimama akasema macho yake ya rohoni yamefunguka, tunajua tu anaenda kutuambia ni nani ametufunga, na mara nyingi anamalizia kwa kututajia kiasi cha sadaka kitakachotufungua. Mwaka jana mama mmoja alikuja kuniona akilia. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wa maziwa ili amlipe mtu aliyejiita mwonaji, ambaye alimwambia wakwe zake wamezika kitu ndani ya boma lake. Walichimba mpaka karibu na msingi wa nyumba, hawakupata kitu. Akaambiwa ati kile kitu kimehama kwa sababu imani yake ni ndogo. Mpaka leo hasalimiani na wakwe zake, na ng'ombe hayuko.

Sasa, katika manabii wote wa Agano la Kale, sijui kama kuna aliyepewa kuona yaliyofichika mara nyingi kuliko Elisha. Hebu basi tuangalie aliona nini, na alipoona alifanya nini.

Elisha mwana wa Shafati alikuwa mtu wa Abel-Mehola, upande wa bonde la Yordani. Tuko katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Ufalme umegawanyika, Israeli ya kaskazini inatawaliwa na Ahabu na mkewe Yezebeli, na Baali ana hekalu mjini Samaria. Eliya amekimbia mpaka mlima Horebu, amechoka, anasema amebaki peke yake. Kule Mungu akamweleza mambo aliyokuwa hayaoni: kwamba Israeli bado kuna watu 7,000 ambao hawajampigia Baali goti, na kwamba yuko mtu wa kuchukua nafasi yake. Angalia hapo, mpendwa. Hata Eliya, na moto wote ule wa Karmeli, alipohesabu watu wa Mungu alipata mmoja tu, yaani yeye mwenyewe.

Huyo mtu alikuwa shambani analima. Kulikuwa na jozi 12 za ng'ombe, na yeye alikuwa na ile ya 12. Ng'ombe 24 wa kulima! Hata leo huko mashambani mwenye ng'ombe 24 wa plau si mtu wa kukopa unga. Eliya akapita, akamtupia vazi lake, akaendelea na njia. Hapakuwa na hotuba. Elisha akaacha ng'ombe, akamkimbilia, akaomba kwanza akawabusu baba na mama. Kisha akachinja ile jozi yake, akafanya kuni zile mbao za kulimia, akapika nyama, watu wakala. Hiyo ndiyo kuaga, jamani. Plau ya kurudia hakuiacha.

Wengi wetu tungedhani kesho yake alianza miujiza. Wapi! Alikuwa mtumishi. Kazi yake ambayo watu waliikumbuka ni kummiminia Eliya maji mikononi. Hata baadaye, wafalme watatu walipokwama jangwani bila maji wakienda kupigana na Mesha mfalme wa Moabu, aliyemtaja Elisha alimtambulisha kwa kazi hiyo hiyo ya kunawisha. (Na kwa vijana wanaoniuliza kama mambo haya ni ya kweli: huyo Mesha aliacha jiwe lenye maandishi yake mwenyewe, lilipatikana mwaka wa 1868 mashariki ya Bahari ya Chumvi, na saa hii liko katika makumbusho ya Louvre kule Paris.)

Ikafika siku ya Eliya kuondoka. Mara tatu alimwambia Elisha abaki nyuma, Gilgali, Betheli na Yeriko, na mara tatu Elisha akakataa. Wakavuka Yordani pakavu, wana wa manabii 50 wakiwatazama kwa mbali. Ng'ambo ya mto Eliya akamuuliza anataka afanyiwe nini kabla hawajaachana. Akaomba sehemu maradufu ya roho yake. Watu husema Elisha alitaka kumzidi mwalimu wake mara mbili. Mimi nasoma tofauti. Katika torati sehemu maradufu ilikuwa haki ya mzaliwa wa kwanza. Elisha, aliyeacha baba yake shambani, alikuwa anaomba kuhesabiwa mtoto.

Eliya alisema ni jambo gumu, kisha akaweka sharti moja. Kama Elisha atamwona akiondolewa, atapata. Asipomwona, basi.

Nimesoma sharti hilo mara nyingi na bado linanisimamisha. Hakuambiwa afunge siku kadhaa wala alete kitu. Aliambiwa aone, na kuona kwenyewe hakukuwa mkononi mwake. Lililokuwa mkononi mwake ni kutembea karibu na asibanduke. Wakawa wanaenda wakizungumza, tena mazungumzo tu ya watu wawili njiani, mara gari la moto na farasi wa moto wakawatenganisha, na Eliya akapanda juu katika upepo wa kisulisuli. Picha nyingi za Sunday school zinamwonyesha Eliya ameketi ndani ya gari. Ukisoma pole pole utaona gari liliwatenga, na kisulisuli ndicho kilichomchukua. Elisha akalia akimwita baba yake, akamwita pia magari ya Israeli na wapanda farasi wake. Shika maneno hayo, tutayakuta tena. Akararua nguo zake vipande viwili, akaokota vazi lililoanguka, akarudi mtoni peke yake.

Na wale wana wa manabii waliokuwa wakitazama? Walitambua kwamba roho ya Eliya sasa iko juu ya Elisha, lakini moto naona hawakuuona, maana walisisitiza watume watu 50 wenye nguvu wakamtafute Eliya, pengine ameangushwa mlimani au bondeni. Wakazunguka siku tatu bure. Wanafunzi wa unabii walitafuta maiti kwa siku tatu. Mkulima wa juzi alikuwa ameona magari.

Kazi alizofanya baada ya hapo ni nyingi kuliko nafasi ya ukurasa huu. Aliponya maji ya Yeriko kwa chumvi. (Habari ya vijana wa Betheli na wale dubu wawili najua mtaniuliza. Itapata siku yake.) Alilisha watu 100 kwa mikate 20 ya shayiri. Aliokoa chungu cha mboga kilichoingia sumu. Aliinua majini chuma cha shoka, na kilichomliza yule aliyekiangusha ni kwamba shoka lilikuwa la kuazima. Mjane mmoja alikuja kwake, mumewe alikuwa mwana wa manabii, na mdai alikuwa anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nyumbani alikuwa na chupa ya mafuta basi. Elisha akamtuma akaazime vyombo kwa majirani, mafuta yakamiminika mpaka vyombo vikaisha. Sasa sikiliza ugawaji wa hayo mafuta: auze, alipe deni, na kinachobaki wale yeye na wanawe. Fungu la mtumishi halikutajwa. Mtu aliyeona moto wa mbinguni alitumia siku zake nyingi kwa sufuria, madeni na vitu vya kuazima.

Kisha akaja Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu, mwenye ukoma, kwa sababu msichana mdogo wa Kiisraeli aliyetekwa alimwambia bibi yake kwamba Samaria kuna nabii. Naamani alikuja na talanta 10 za fedha, ambazo kwa mizani ya leo ni kilo 300 na zaidi, na vipande 6,000 vya dhahabu, na mavazi 10. Elisha hata hakutoka mlangoni. Alimtuma mtu amwambie akaoge Yordani mara saba. Akapona, akarudi na mali yake yote, na Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu. Alimsihi, akakataa. Gehazi mtumishi wake akaona hiyo ni hasara, akakimbia nyuma ya gari la Naamani na hadithi ya wageni wawili waliofika ghafla, akarudi na talanta mbili na mavazi mawili, akaficha. Aliposimama mbele ya bwana wake alikuta safari yake yote inajulikana. Ukoma wa Naamani ukamshika.

Mnaona macho hayo ya rohoni yalimulika wapi? Yalimulika ndani ya nyumba ya nabii mwenyewe, kwenye pesa. Natamani kila mwonaji aanzie hapo.

Lakini kuna siku hakuona. Shunemu alikuwako mama mwenye uwezo ambaye alimjengea chumba kidogo juu ya nyumba, akaweka kitanda, meza, kiti na taa. Hakuwa na mtoto, akapewa mtoto kwa neno la Elisha. Mtoto akakua, siku moja akamfuata baba yake kwa wavunaji, akalia kichwa, akapelekwa kwa mama, akakaa magotini pake mpaka adhuhuri, akafa. Mama akamlaza katika kitanda cha nabii, akafunga mlango, akapanda punda mpaka Karmeli, akamshika Elisha miguu. Gehazi alitaka kumsukuma. Elisha akamzuia, akasema wazi kwamba mama huyu ana uchungu na Bwana amemficha jambo hilo, hakumwambia.

Nampenda Elisha kwa hilo kuliko kwa shoka. Hakubahatisha. Hakutunga ono ili aonekane anajua. Angeweza kumwambia yule mama kwamba ukoo wa mumewe una neno, na mama angeamini, kwa hali aliyokuwa nayo angeamini chochote. Fimbo iliyotangulizwa mikononi mwa Gehazi haikufanya kazi. Elisha akaingia mwenyewe, akafunga mlango, akaomba, akajilaza juu ya mtoto, akainuka akatembea huku na huku chumbani, akajilaza tena, mpaka mtoto akapiga chafya mara saba na kufungua macho.

Sasa tuje Dothani.

Mfalme wa Shamu alikuwa akipanga kuvizia majeshi ya Israeli, na kila akipanga, Elisha anamwonya mfalme wa Israeli asipite pale. Haikuwa mara moja wala mbili. Mfalme wa Shamu akawaka, akadhani kuna msaliti kati ya maofisa wake. Mmoja akamweleza kwamba hakuna msaliti, ila yuko nabii Israeli anayejua hata maneno ya chumbani kwa mfalme. Mfalme akafanya nini? Akatuma farasi, magari na jeshi kubwa, usiku, kimya kimya, ili amkamate kwa siri mtu ambaye ameambiwa sasa hivi kwamba husikia siri zake. Hapo nawaachia mcheke kidogo.

Asubuhi mtumishi wa Elisha aliamka mapema, akatoka nje. Mji wote umezungukwa. Akarudi kwa bwana wake akilia wafanye nini.

Wengine tumezoea kumsema vibaya huyu kijana, ati hakuwa na imani. Mimi namtetea. Alichoona kilikuwako. Farasi walikuwa farasi, mikuki ilikuwa mikuki. Elisha hakumwambia kwamba jeshi ni ndoto ya shetani, wala hakumkemea kwa kukiri vibaya. Kuna mafundisho yanayozunguka siku hizi kwamba ukikubali kuwa una sukari au una deni, umejiita mwenyewe hayo mabaya. Dothani hayaingii. Jeshi lilikubaliwa kuwa jeshi. Kilichoongezwa ni hesabu nyingine: kwamba asiogope, maana walio upande wao ni wengi kuliko walio upande wa adui. Kwa macho ya kijana hesabu hiyo ilikuwa ya watu wawili dhidi ya jeshi zima.

Ndipo Elisha akaomba. Hakuomba Mungu atume msaada. Aliomba Bwana amfumbue macho kijana aone. Akafumbuliwa, na tazama, mlima umejaa farasi na magari ya moto kumzunguka Elisha.

Hebu tusimame hapa tuangalie yale macho yaliyofunguka yaliona nini. Pazia la ulimwengu wa roho limevutwa, kijana anatazama kadiri awezavyo. Haoni hirizi zilizozikwa. Haambiwi jina la jirani yeyote wa Dothani. Anaona jeshi la Mungu. Sisemi adui wa kiroho hayuko. Danieli 10 inatuambia malaika alizuiwa siku 21 akipambana na mkuu wa Uajemi. Lakini huyu kijana, adui alikuwa anamwona bila maombi yoyote. Kuogopa hakuhitaji ufunuo. Kilichohitaji kufunuliwa ni upande mwingine.

Na jambo la pili, ambalo mahubiri mengi huliruka: yale magari ya moto hayakufanya kitu. Hakuna Mshami hata mmoja aliyechomwa. Jeshi la mbinguni limejaa mlimani, na Elisha anawashukia adui akiomba tu wapigwe upofu. Akawaongoza kwa miguu mpaka ndani ya Samaria, mji mkuu wa adui zao, akaomba tena ombi lile lile alilomwombea kijana, kwamba Bwana awafumbue macho waone. Wakajikuta katikati ya mji. Mfalme wa Israeli akasisimka, akauliza mara mbili kama awapige. Elisha akakataa. Akasema wawekewe chakula na maji, wale, wanywe, warudi kwa bwana wao. Wakaandaliwa karamu kubwa. Biblia inasema vikosi vile vya Shamu havikuja tena kuvamia nchi.

Kwa hivyo mwonaji wetu aliona moto mlima mzima, kisha akawapikia maadui. Yule mama wa ng'ombe nilimsomea sura hii. Hatukuomba siku hiyo juu ya kitu kilichozikwa. Tuliomba juu ya salamu. Bado ni ngumu kwake, na simlaumu.

Nisije nikamdanganya mtu lakini. Dothani ndipo pale pale, mamia ya miaka kabla ya Elisha, ambapo Yusufu aliwakuta ndugu zake. Walimvua kanzu wakamtupa shimoni, akawasihi kwa uchungu na hawakusikia, wakamuuza kwa vipande 20 vya fedha. Mlima ni ule ule. Hakuna aliyefumbuliwa macho siku ile, hakuna gari la moto lililoonekana, na msafara ukaenda naye Misri. Ilimchukua Yusufu miaka mingi mpaka aweze kuwaambia ndugu zake kwamba ni Mungu aliyemtanguliza. Baadhi yenu mnaosoma hapa mko Dothani ya Yusufu, si ya Elisha, na Mungu wa Dothani zote mbili ni mmoja.

Baadaye Ben-Hadadi wa Shamu aliuzingira mji wa Samaria mpaka kichwa cha punda kikauzwa shekeli 80 za fedha, na yaliyotokea kati ya wanawake wawili siwezi kuyaandika, watoto nao husoma kijarida hiki. Elisha alikuwa ndani ya mji na njaa ile, na mfalme akaapa kumkata kichwa. Elisha akasema kesho wakati kama huu unga utauzwa kwa shekeli moja langoni. Usiku ukaingia, na Washami kambini mwao wakasikia kishindo cha magari na farasi na jeshi kubwa. Wakatoroka, wakaacha hema, farasi, punda na chakula. Waliogundua ni wakoma wanne waliokuwa hawana cha kupoteza. Ona magari hayo yanavyosafiri: Yordani yalionwa na mtu mmoja, Dothani na kijana asiyetajwa jina, na Samaria yalisikiwa na maadui, huku wenye mji wakilala njaa bila kujua kwamba vita vimekwisha.

Kuona kwake hakukuwa raha siku zote. Alifika Dameski, akaja Hazaeli na mizigo ya ngamia 40 kuuliza kama mfalme wake mgonjwa atapona. Elisha akamkazia macho mpaka Hazaeli akaona haya, kisha mtu wa Mungu akalia. Alikuwa ameona yale ambayo Hazaeli angewatenda Waisraeli, kwa miji, kwa vijana, kwa watoto na kwa wanawake wajawazito. Hakuweza kuyazuia. Wanaotamani macho ya rohoni wakumbuke machozi ya Dameski.

Baada ya hapo alimtuma mmoja wa wana wa manabii kumtia Yehu mafuta awe mfalme, na kutoka siku hiyo jina la Elisha linapotea kwenye kurasa. Yehu alitawala miaka 28. Mwanawe Yehoahazi akatawala 17. Hiyo ni zaidi ya miaka 40, na hakuna muujiza hata mmoja ulioandikwa. Alikuwa hai wakati wote huo. Hazaeli akaponda nchi vile vile kama Elisha alivyoona, mpaka jeshi la Yehoahazi likabaki na wapanda farasi 50, magari 10 na askari wa miguu 10,000.

Magari 10, wapendwa. Taifa zima.

Ndipo Elisha akaugua, na Biblia inasema wazi kwamba ni ugonjwa uliomuua. Aliyemwosha Naamani ukoma, aliyeinua mtoto wa Mshunami, alilala kitandani akiugua na hakupona. Hakuna mtu mle ndani aliyemwambia imani yake imepungua. Kama uko na mgonjwa nyumbani na watu wamekuletea maneno hayo, wasomee 2 Wafalme 13:14. Wala hakuna kisulisuli kilichomjia. Mwalimu wake aliondoka kwa upepo na moto, yeye aliondoka kwa homa au kwa chochote kile, juu ya godoro.

Mfalme Yoashi, mjukuu wa Yehu, akashuka kwake, akalia juu ya uso wake, akamwita baba, akamwita magari ya Israeli na wapanda farasi wake. Ni maneno yale yale ya Yordani. Mfalme ambaye babake alimwachia magari 10 alijua magari ya kweli yalikuwa yamelala wapi. Mzee akamwambia achukue upinde, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mfalme, dirisha la mashariki likafunguliwa, mshale ukapigwa kuelekea Shamu. Kisha akamwambia apige nchi kwa mishale iliyobaki. Mfalme akapiga mara tatu akaacha. Elisha akakasirika, angepiga mara tano au sita. Mtu anakufa na bado anakasirika kwamba mfalme ameomba kidogo! Yoashi baadaye akawapiga Washami mara tatu, hakuzidisha.

Elisha akafa, wakamzika. Mwaka mpya ulipoingia, vikosi vya Wamoabu vilikuwa vikivamia nchi, na watu fulani walikuwa wakienda kumzika mtu wao. Wakaona kikosi kinakuja. Hapakuwa na wakati wa mazishi ya heshima, wakamtupa marehemu katika kaburi la Elisha. Maiti ilipoigusa mifupa ya Elisha, yule mtu akawa hai, akasimama kwa miguu yake humo kaburini.